Elimu ya masafa Dzaleka na Lilongwe wakati wa UVIKO-19

Elimu ya masafa nchini Malawi wakati wa UVIKO-19 ilikuwa mpango wa dharura wa serikali wa kuwafundisha watoto shule zilipofungwa. Uliratibiwa na Wizara ya Elimu, iliyoko Capital Hill, karibu na City Centre jijini Lilongwe. Kilomita arobaini na ushei kutoka hapo, wilayani Dowa, iko kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ambako mpango huo ulikuwa mgumu zaidi kuufuata.

Tarehe 20 Machi 2020, kabla nchi haijathibitisha mgonjwa hata mmoja, Rais Peter Mutharika alitangaza hali ya maafa. Siku tatu baadaye shule zilifungwa. Wanafunzi wa msingi waliwekewa masomo ya redio. Wa sekondari wakaelekezwa mtandaoni.

Redio haikuwa ngeni katika elimu ya Malawi. Tangu 2007 madarasa ya chini yalisikiliza Tikwere, kipindi kilichoandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Malawi. Katika masomo ya aina hiyo, mtangazaji huuliza swali kisha hunyamaza, watoto hujibu kwa sauti, na mwalimu aliye nao darasani huwaongoza na kuwasahihisha. Korona ilimwondoa mwalimu huyo. Tena, kwa mujibu wa sensa ya 2018, takriban kaya moja tu kati ya tatu ilikuwa na redio. Masomo ya mtandaoni yalidai zaidi: simu janja, bando na umeme.

Dzaleka mzigo ulikuwa mzito zaidi. Kambi hiyo, iliyokuwa gereza la kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda, ilifunguliwa 1994 kwa watu wapatao 10,000. Janga liliikuta na zaidi ya 40,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Sheria za Malawi huwabana wakimbizi wasifanye kazi wala kutembea watakavyo, hivyo fedha za bando ni za shida. Mtaala wa shule zake ni wa Malawi, wa Kiingereza na Kichewa, ilhali wazazi wengi huzungumza Kiswahili, Kirundi au Kinyarwanda. Mzazi kama huyo angemsaidiaje mwanawe kufuatilia somo la Kichewa?

Hata hivyo, teknolojia ilikuwapo kambini. Tangu 2010 Wajesuiti waliwawezesha wakimbizi kusomea stashahada ya Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani kwa intaneti. Lakini masomo hayo yaliwalenga watu wazima.

Madarasa ya mitihani yalirejea Septemba 2020, mengine Oktoba. Wimbi la pili lilifunga shule tena Januari 2021, hadi tarehe 22 Februari.

Baada ya janga, Malawi ilianza kupanua matumizi ya vishikwambi vinavyochajiwa kwa umeme wa jua na kufundisha kusoma na kuhesabu bila intaneti. Vifaa hivyo hutumika shuleni. Shule zikifungwa tena, mtoto wa Dzaleka bado atahitaji njia ya kusomea nyumbani.