UZI: Mtoto maskini ni mzigo wa nani? Kwale ilishajibu, tusome tena

1. Kila siasa zikipamba moto mjadala huu hurudi. Mmoja anasema, "Serikali haikukuzalia." Mwengine anajibu, "Kwani kodi tunalipa ya nini?" Watu wanarushiana maneno mpaka usiku wa manane, na asubuhi mtoto yule yule yuko kando ya barabara anauza madafu saa za shule. Mimi ni mtu wa Kinondo. Sitataja chama wala mgombea. Nataka tuangalie historia tu, kwa sababu sehemu kubwa ya ubishi huu ilipata jibu hapa hapa kwetu.

2. Tuanze kabla ya serikali. Wadigo wa zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa na baba yake, ndio, lakini mjomba alibeba mzigo mkubwa, na urithi ulipitia kwake. Dini, sheria za kikoloni na maisha ya mshahara vilibadilisha mambo polepole. Lakini shika hili: mtoto hakuachiwa watu wawili peke yao. Anayesema "mila yetu ni kila mtu na wanawe", mila hiyo sijui kaitoa wapi.

3. Kisha yakaja mapigo. 1988 kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa, na waliokitegemea wakabaki mikono mitupu. 1997 yakatokea machafuko ya Likoni, watalii wakakimbia, na kazi za hoteli za Diani zikapotea. Juu ya hayo, ukimwi. Novemba 1999 serikali ilitangaza rasmi kuwa ni janga la kitaifa. Nyanya wa miaka 65, aliyedhani amemaliza kulea, akajikuta anaanza upya na wajukuu watano. Hapo uvivu uko wapi?

4. Januari 2003 shule za msingi zikawa bure. Watoto wakamiminika. Lakini "bure" haikununua sare wala haikupika uji wa asubuhi. Ndipo 2004 serikali, ikisaidiwa na UNICEF, ikaanza jaribio dogo: familia 500 zinazolea mayatima na watoto walio hatarini, shilingi 500 kwa mwezi mkononi. Sehemu zilizochaguliwa zilikuwa tatu: Garissa, Nairobi na Kwale. Naam, Kwale. Mpango uliokuja kuenea nchi nzima tuliuonja sisi mwanzo.

5. Jaribio lilipokua, pesa zikapanda hadi 1,500, na kuanzia 2007 likapimwa kitaalamu katika wilaya saba, Kwale ikiwemo. Walipima vipi? Baadhi ya lokesheni zilipewa, nyengine zikawekwa kando kwanza ili zilinganishwe. Fikiria hilo kidogo. Kuna watoto waliokaa bila kitu miaka ile ili taifa lijue kama msaada unafanya kazi. Tukijifanya leo hatujui jibu, tunawadhulumu mara ya pili.

6. Jibu lenyewe ni hili. Familia zilizopokea zilikula vizuri zaidi. Watoto wengi zaidi waliingia sekondari. Shule ya msingi haikubadilika sana, maana ilishakuwa bure. Kazi za watoto shambani zilipungua, hasa kwa wavulana. Utafiti wa baadaye ukaonyesha kuwa vijana wa familia hizo walichelewa kuanza mambo ya kitandani, na mimba za mapema zikapungua. Na ile hofu ya "ukiwapa watakaa tu"? Watu wazima hawakuacha kazi. Wengine waliacha vibarua wakarudi kwenye mashamba yao wenyewe.

7. 2010 ikaja Katiba. Kifungu cha 43 kinasema Serikali itawapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lishe, makao na matibabu. Na hicho hicho cha 53 kinasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Kwa hiyo swali la "mzazi au serikali?" lilishafungwa. Ni wote wawili. Wajibu wa mmoja haufuti wa mwengine.

8. Sasa tatizo liko wapi? Liko kwenye hesabu. Pesa za mayatima zilipandishwa hadi 2,000 kwa mwezi mwanzoni mwa miaka ya 2010, zikalala hapo. Tangu wakati huo bei za vitu zimezidi maradufu. Yaani hakuna aliyesimama jukwaani kutangaza kupunguza msaada, lakini umepungua nusu. Tena unahesabiwa kwa nyumba, si kwa mtoto. Mwenye mjukuu mmoja na mwenye sita wanapata sawa.

9. Na haziji kwa tarehe. Jirani yangu, mama mzee, hunipa simu yake nimsomee kama ujumbe wa pesa umeingia. Miezi mingine namrudishia bila neno, naye ananijibu "haya mwanangu", kisha anakwenda dukani kuomba akopeshwe tena. Anayelipwa leo bila kujua kama atalipwa mwezi ujao hawezi kumuahidi mwalimu chochote.

10. Kuna waliokuwa nje kabisa. Wamakonde wa Makongeni wamezaliwa hapa vizazi kadhaa, lakini bila kitambulisho. Bila kitambulisho huandikishwi kwenye msaada wowote. Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kudai uraia, wakasikilizwa. Umaskini wa watoto wao miaka yote ile haukuletwa na uvivu. Uliletwa na karatasi.

11. "Jamii ijitegemee." Sawa, tunajitegemea. Gazi na Makongeni wanalinda mikoko, na tangu 2013 wanauza hewa ukaa kupitia Mikoko Pamoja. Pesa zinaleta maji na kusaidia shule. Najivunia. Lakini kijiji kisicho na mikoko watoto wake wafanye nini? Haki ya mtoto haifai kutegemea kama kwao kuna bahari.

12. "Pesa hazipo." Hoja hii nzito, tusiidharau. Madeni ya nchi tunayajua. Lakini Kifungu cha 20 kinasema, kuhusu haki za kile cha 43, Serikali ikidai haina uwezo basi ni juu yake kuonyesha kwamba haina. Haitoshi kusema tu. Ionyeshe bajeti, tuone ni nini kilitangulizwa mbele ya mtoto.

13. Na tujue wa kumuuliza. Chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na zahanati ni vya kaunti. Shule za msingi na sekondari, pamoja na pesa za mayatima, ni za serikali ya kitaifa. Basari za kaunti zimesaidia wengi, lakini 2025 ukazuka mvutano mkubwa kama kaunti ina mamlaka ya kuzitoa. Wakubwa wakivutana, karo inabaki kwa mzazi.

14. Kwa hiyo mgombea akija na unga wa kilo mbili na fulana, mpokee kwa adabu, kisha muulize: Shilingi ngapi kwa kila mtoto? Italipwa tarehe ngapi? Asiye na kitambulisho mtamuandikishaje? Akikujibu kwamba anawapenda watoto, mwambie shukran, hata nyanya yake anampenda. Tulichouliza ni tarehe.

Mwenye kuongeza aongeze, mwenye kusahihisha asahihishe. Matusi hapana.