Serikali Tatu Juu ya Shamba Moja: Kuwatafuta Mababu Wakulima wa Lobule

Januari 1910, mwaka haujatimia tangu atoke Ikulu ya Marekani, Theodore Roosevelt alipiga kambi ukingo wa magharibi wa mto Nile, katika eneo lililoitwa Lado. Alifuatana na mwanawe Kermit na wataalamu wa makumbusho ya Smithsonian ya Washington, na alichokuja kutafuta ni kifaru mweupe. Mahali pale pakabaki na jina la Rhino Camp, ambalo leo wengi wetu tunalijua kama jina la makazi ya wakimbizi. Wanyama waliopigwa risasi walichunwa, wakapimwa, wakaandikwa, ngozi na mafuvu yakasafirishwa hadi Marekani. Habari za safari nzima zikatoka kitabuni mwaka uleule.

Mwindaji huyo alikuwa mtu wa nasaba inayojulikana. Mzee wa ukoo wao, Claes van Rosenvelt, alikuwa Mholanzi aliyevuka bahari ya Atlantiki akafika New Amsterdam, mji ambao leo ni New York. Mwaka 1652 alinunua shamba la ekari kama 50 hapohapo Manhattan, na ununuzi huo ukaandikwa. Mwaka 1658 mwanawe Nicholas alibatizwa, na kanisa la Kiholanzi nalo likaandika. Hati ya shamba na mstari mmoja wa daftari la ubatizo vinatosha kumuunganisha rais wa Marekani na mkulima aliyefariki karibu karne mbili kabla yeye hajazaliwa.

Wakati bunduki zinalia kandokando ya Nile, kaskazini-magharibi mwa hapo, kwenye nchi ya Wakakwa inayoitwa Koboko, Uganda ya leo, ilikuwa kiangazi. Ulezi na mtama vilikuwa vimekwisha kuingia ghalani na mashamba yanangoja mvua. Watu waliokuwa wakiishi wakati huo ndio mababu wa wenyeji wa Lobule, sehemu ya Koboko ya leo, na hakuna karani aliyeandika jina la hata mmoja wao. Vifaru wa Lado wana orodha Washington. Wakulima wa Lado hawana.

Nalisema hili kwa uchungu, ingawa si Wamarekani wote walioandikwa kama akina Roosevelt. Sensa yao ya kwanza, ya 1790, ilitaja jina la mkuu wa kaya tu. Mke, watoto na watumwa walikuwa hesabu. Kuanzia 1850 kila mtu huru aliandikwa kwa jina lake, na serikali ikaanza pia kuandika habari za mashamba: ekari ngapi, ng'ombe wangapi, mahindi kiasi gani. Lakini katika orodha za watumwa za 1850 na 1860, mtu mweusi aliwekwa chini ya jina la bwana wake kwa umri, jinsia na rangi, na jina lake mwenyewe halikuandikwa isipokuwa mara chache mno. Wengi wao wanaonekana kwa majina kwa mara ya kwanza katika sensa ya 1870. Mmarekani mweusi anayemtafuta babu yake mkulima hukwama mwaka huo, na kuanzia hapo hutegemea daftari za mashamba ya mabwana, wosia, na maneno yaliyopokezanwa nyumbani. Huyo ndiye ndugu wa kweli wa mtafiti wa Lobule, ambaye naye ana mwaka wake wa kukwama: 1914.

Mei 1894 Uingereza ilimkodishia Mfalme Leopold wa Ubelgiji eneo la Lado kwa muda wa uhai wake. Leopold alifariki Desemba 1909, na katikati ya 1910 Lado ikakabidhiwa Sudan. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikahamishiwa Uganda, ikaitwa West Nile, na A. E. Weatherhead akawa mkuu wa wilaya wa kwanza, makao yake Arua. Mkulima wa Kikakwa aliyezaliwa mwaka 1890 hivi alitawaliwa na serikali tatu kabla hajafika miaka 25, na pengine hakuhama kutoka kilima alikozaliwa. Mjukuu wake akitaka karatasi za miaka ile inambidi azitafute Ubelgiji, halafu katika nyaraka za Sudan, ambazo nyingi ziko Khartoum na nyingine Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, na mwisho katika nyaraka za Uganda. Afisa Chauncey Stigand, aliyeipokea Lado kwa niaba ya Sudan, aliandika kitabu kizima juu ya nchi hiyo. Kina habari nyingi za makabila na njia na wanyama, ila hakiwezi kukuambia nani alilima wapi.

Tena mtafiti ajihadhari na majina ya wilaya. Koboko ilikatwa kutoka Arua mwaka 2005. Karatasi nyingi za Uganda za kabla ya hapo zinazohusu mtu wa Lobule zitasema Arua au West Nile, na anayetafuta neno Koboko peke yake atadhani ukoo wake haukuwahi kuwapo.

Nasaba zenyewe, hata hivyo, zilikuwapo zamani kabla ya makarani. Zilikaa vinywani. Mzee wa Kikakwa, au wa jirani zao Walugbara, huanza na yeye mwenyewe, akapanda kwa baba, babu, baba wa babu, hadi kwa mwanzilishi wa ukoo. Juu ya hapo wako mashujaa. Walugbara humtaja Jaki, aliyetoka kaskazini na kufia kwenye mlima Liru, hapo Koboko, na mwenzake Dribidu, wa mlima Eti. Wakakwa nao wana Yeki, na mlima wao ni huohuo Liru. Kikakwa ni lugha ya jamii ya Kibari, Kilugbara ni cha jamii ya Kimadi, na msemaji wa moja haelewi nyingine asipojifunza. Bado wote wawili wananyoosha kidole kwenye mlima mmoja. Mimi nauchukua ushahidi huo kwa uzito. Watu hawa wameoana, wameazimana mashamba na kukimbiliana wakati wa njaa kwa muda mrefu sana, na mlima ule umehifadhi habari hiyo.

Mwanaanthropolojia Mwingereza John Middleton aliishi kwa Walugbara kati ya 1949 na 1952, akakusanya nasaba nyingi. Aligundua kwamba nasaba hubadilika kufuatana na ujirani. Ukoo uliokuja kuomba ardhi ukakaa vizazi viwili vitatu hupata nafasi yake ndani ya orodha ya wenyeji, na mgeni akawa mwana. Aligundua pia kwamba kadiri unavyorudi nyuma mambo yanageuka juu chini: viumbe wa mwanzo kabisa hawakuishi kama watu wa kawaida, na hata Wazungu wa kwanza kufika walisimuliwa kuwa walitembea kwa vichwa. Kwa hiyo anayesikiliza asiipokee orodha ya mababu kama cheti cha kuzaliwa. Inasema nani ana haki ya kulima wapi, nani hamwoi nani, na nani akifiwa nani lazima aje.

Kuiandika nasaba kuna hatari yake. Laura Bohannan alieleza mwaka 1952 yaliyotokea kwa Wativ wa Nigeria. Waingereza waliandika nasaba zao ili kusaidia mahakama. Miaka ilipopita, Wativ wakakana yaliyoandikwa. Kwao nasaba sahihi ilikuwa ile wanayoisema sasa. Maafisa wakaona wazee wanadanganya, nao wazee wakaona karatasi ndiyo inayodanganya. Haya si ya mbali kwa Lobule, maana siku nasaba inapoingia katika jalada la kesi ya ardhi, atakayeumia ni yule ambaye babu yake alipokelewa kama mwana na kalamu ikamrudisha kuwa mgeni.

Walioachwa kabisa katika orodha hizo ni wanawake. Nasaba ya ukoo hupita kwa wanaume, na mama hutajwa pale tu nyumba mbili za wake zinapogawanyika. Lakini katika hesabu ya jembe, nani alipanda ufuta na kunde, nani alipalilia ulezi, nani alisaga? Kuna njia moja ambayo akina mama hao waliacha neno lao. Kwa Walugbara, kama Middleton alivyoeleza katika makala yake ya 1961, mara nyingi mama ndiye aliyempa mtoto jina, na majina mengi yalieleza hali aliyokuwamo: msiba, njaa, umaskini, ugomvi na wakwe, mume asiyemjali. Hadi leo West Nile imejaa akina Candia na Candiru, watoto wa taabu. Kwa hiyo orodha ya wanaume watupu, ukiisoma jina kwa jina, yaweza kuwa kumbukumbu ya maisha ya wake waliowazaa, wenyewe wakiwa hawakutajwa. Sijui hati ya Marekani ya karne ya 19 inayomfikia mama mkulima kwa ukaribu wa namna hiyo.

Daftari la ubatizo lilipofika, mama akapata safu yake. Africa Inland Mission walifungua kituo Mvara, Arua, mwaka 1918, na mapadri wa Verona, wengi wao Waitaliano, wakaleta desturi ya Kikatoliki ya kuandika kila kitu kwa Kilatini. Shika ukurasa mmoja wa daftari kama hilo: namba, siku ya ubatizo, jina la Kikristo, kisha jina la nyumbani, la baba, la mama, kijiji, msimamizi, saini ya padri. Pembeni kumeachwa nafasi nyembamba, na ndiyo ya kutazamwa kwanza, kwa sababu kanisa huagiza ndoa ya mtu iandikwe ubavuni mwa ubatizo wake, hata akioa parokia nyingine. Mstari mmoja unaweza kukupa vizazi viwili na mkwe. Cha kuangalia ni tahajia. Padri aliandika alivyosikia, kwa sikio la kwao, na mtu mmoja huonekana Candia hapa na Chandia pale. Asiyejaribu maandishi yote mawili humpoteza babu yake kwa herufi moja.

Karatasi nyingine zina faida ndogo kidogo. Kodi ya kichwa iliandika wanaume wazima, na tiketi zake zilihifadhiwa katika masanduku ya bati, kwa kuwa zilionyesha mtu alikuwa chini ya chifu gani. Vijana waliokwenda kukata miwa Kakira na Lugazi, au kulima kwa watu Buganda ili wapate hiyohiyo fedha ya kodi, waliacha majina kwa waajiri. Walioingia jeshi la King's African Rifles waliandikwa na jeshi, na ndio waliorudi na Kiswahili. Ardhini kwenyewe kuna makaburi, yaliyo uani kwa watu, na katika mashauri ya ardhi kaburi la babu hutolewa kuwa ushahidi mbele ya karatasi nyingi.

Kisha ikaja 1980. Idi Amin, ambaye watu wa Koboko walimhesabu kuwa wao, alikuwa ameangushwa Aprili 1979, na Oktoba mwaka uliofuata mapigano na kisasi cha majeshi viliwafukuza watu wa West Nile kwa malaki kwenda Zaire, yaani Congo ya leo, na Sudan. Nyumba zilichomwa na yaliyokuwamo. Sanduku la bati lenye tiketi za kodi na kadi za ubatizo halikuwa kitu cha kwanza kubebwa na mama aliye na mtoto mgongoni. Kilichowaokoa wengi ng'ambo ya mpaka ni ukoo: ukifika kijiji cha Wakakwa upande wa Zaire, ukataja baba, babu na mlango wako, ulikuwa umeonyesha pasi yako. Mpaka huo ulichorwa kufuata mahali maji yanapogawanyika kwenda Congo na kwenda Nile, nazo koo ziko kwenye miteremko yote miwili.

Tangu 2013 mwendo umegeuka. Makazi ya wakimbizi ya Lobule yalifunguliwa kwa watu waliokimbia vurugu za Congo, wengi wao Wakakwa, kwenye ardhi iliyotolewa na koo za wenyeji. Huku West Nile ardhi ni ya ukoo, na mkimbizi hulima pale ukoo uliporidhia. Mwenyeji aliyepokelewa Zaire akiwa mtoto sasa anawapokea wajukuu wa waliompokea.

Sheria nayo inauliza nasaba, kwa namna yake. Ibara ya 10 ya Katiba ya Uganda ya 1995 humpa uraia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa nchini ambaye mzazi au babu au bibi yake ni wa jamii za asili zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa, 56 mwanzoni na 65 tangu marekebisho ya 2005, na Wakakwa wamo. Lakini kwa Mkakwa swali linabaki: bibi yako, mwaka ule, alikuwa upande gani wa mteremko? Pengine aliolewa ng'ambo akarudi kuzaa kwao. Hapo ndipo lile jina la mama, ambalo nasaba ya ukoo iliona si lazima kulitaja, linapoamua mjukuu ni raia au si raia.

Ndiyo maana naona ukusanyaji uanze kwa wazee, na uanze sasa. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 alipokimbia mwaka 1980 amekwisha kupita 60, naye ni miongoni mwa wa mwisho waliowasikia kwa masikio yao watu waliozaliwa kabla ya 1914. Kikundi kimoja cha Utah, Genealogical Society, kilichoanzishwa mwaka 1894, mwaka uleule Lado ilipokodishwa, kilizaa shirika la FamilySearch ambalo leo hutuma watu vijijini katika nchi kadhaa za Afrika kurekodi nasaba za mdomo. Ni kazi njema, lakini mwalimu wa shule ya msingi wa Lobule mwenye daftari na simu ya kurekodi anaweza kuifanya, tena kwa lugha ya mzee mwenyewe. Aandike nani anasema na mbele ya nani. Palipo na masimulizi mawili, ayaandike yote mawili. Amwulize mzee mama wa kila mtu alitoka ukoo gani, alimpa mtoto jina hilo kwa sababu ya jambo gani, na shamba lake lilikuwa wapi. Akimaliza Lobule avuke mpaka hadi Aba, Congo, ambako misheni ileile ya Mvara ilikuwa na kituo, akawaulize wazee wa upande wa pili, kwa maana nusu ya majibu iko huko.