Kidole cha Bibi na Jiwe la Pennsylvania

Bibi yangu hakuruhusu mtu ahesabu vifaranga wake kwa kidole. Ukitaka kujua kama wametimia, uliwatazama wote kwa macho, kimya, kisha ukaendelea na kazi yako. Kunyoosha kidole na kusema moja, mbili, tatu kulikuwa ni kumwita mwewe. Baadaye nilikuja kujua kwamba mwiko huo haukuwa wake peke yake. Jamii nyingi za Afrika Mashariki, hasa za wafugaji, zimeona tangu zamani kwamba kuhesabu watoto au mifugo hadharani ni kuwatia mkosi.

Ngano ya kuku na mwewe, inayosimuliwa kwa sura nyingi katika nchi zetu, nayo ni ngano ya hesabu. Kuku aliazima wembe wa mwewe (kwingine ni sindano), akaupoteza. Mwewe akaapa kuchukua vifaranga mpaka mali yake irudi, na kuku anachakura hadi leo. Ukiisikiliza vizuri, mwewe wa ngano hii si mwizi. Ni mdai. Wasimulizi waliopoteza vifaranga wao wenyewe walimpa adui yao haki ya kusikilizwa, na hilo hunigusa kila ninapolifikiria.

Sheria ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, haikumpa haki hiyo. Mwaka 1929 jimbo lilitangaza zawadi ya dola 5 kwa kila mzoga wa kipanga mkubwa wa msituni. Katika safu ya milima ya Kittatinny kuna kilele ambapo upepo wa vuli hugonga mteremko na kupanda juu, na ndege mbua wanaohamia kusini huuegemea wakapita karibu na miamba bila kupiga bawa. Wapiga bunduki walijipanga hapo wikendi kwa wikendi. Si wote waliojua kipanga yupi ana bei na yupi hana, wala wengi hawakujali. Walipiga kila kilichopita. Mwaka 1932 mpenzi wa ndege Richard Pough aliwapanga wafu hao mistari mistari chini ya miti, akawapiga picha. Hesabu ya kwanza ya mlima ule, basi, ilikuwa ya mizoga.

Miaka miwili baadaye Rosalie Edge, mwanamke wa New York aliyekwisha kupigania haki ya wanawake ya kupiga kura, aliikodi ardhi ile, ekari 1,400 hivi, akawaajiri Maurice Broun na mkewe Irma. Irma alisimama njiani kuwarudisha wenye bunduki. Maurice alipanda juu ya miamba, akaketi, akaanza kuhesabu walio hai. Mahali hapo panaitwa Hawk Mountain, na ukiacha miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, hesabu imeendelea kila vuli. Kwa wastani hupita ndege wapatao 18,000 kwa msimu.

Kazi yenyewe inahitaji subira ya mvuvi. Katikati ya Septemba vipanga wenye mabawa mapana huingia katika hewa moto inayopanda, wakazunguka humo kwa mamia kama majani ya chai kwenye kikombe kilichokorogwa. Wakiwa katika mzunguko ule huwezi kuwahesabu. Unangoja wafike juu, wauache mkondo na kutoka mmoja mmoja kwa mstari kuelekea kusini, ndipo kidole kinabonyeza kifaa cha kuhesabia. Oktoba huja vipanga wadogo, Novemba tai wa dhahabu, na baridi nayo huingia mifupani. Anayehesabu huandika hata siku asiyoona kitu.

Faida yake haikuonekana mara moja. Broun alikuwa akiandika pia umri wa tai wenye vichwa vyeupe. Kati ya 1935 na 1939, asilimia 40 ya tai aliowaona walikuwa wachanga. Kati ya 1955 na 1959 walishuka hadi asilimia 20, na mwaka 1957 alionekana mchanga mmoja kwa kila wakubwa 32. Mwandishi Rachel Carson alizitia takwimu hizo katika kitabu chake cha 1962, kushuhudia madhara ya dawa ya kuua wadudu ya DDT. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972. Mtu aliyeketi juu ya jiwe mwaka 1935 hakujua atakuja kuulizwa swali la DDT. Alikuwa na jibu lake daftarini.

Huko Georgia, kwenye Bahari Nyeusi, desturi ni nyingine tena. Wawindaji wa jadi humnasa kipanga mdogo wakati wa vuli, humfundisha kukamata tombo, na kwa desturi humwachia msimu ukiisha. Angani pale Batumi, tangu 2008, wahesabuji wameona ndege mbua zaidi ya milioni moja kwa vuli moja. Wengine bado hupigwa risasi.

Kisa kinachotuhusu zaidi ni cha Nagaland, India. Kozi wa Amur, ndege wa gramu 150 hivi, hutoka kaskazini mwa China na Siberia, akatua kwa makundi makubwa karibu na bwawa la Doyang kula kumbikumbi. Mwaka 2012 wanamazingira waliokwenda huko walihesabu vikundi vya wawindaji na mavuno ya nyavu zao, wakakadiria kwamba ndege 12,000 hadi 14,000 waliuawa kwa siku wakati wa kilele. Mwaka 2013 mabaraza ya vijiji na makanisa yalisimama pamoja, na hakuna aliyenaswa. Novemba hiyo hiyo kozi watatu walifungwa vifaa vya satelaiti, wakapewa majina Naga, Wokha na Pangti. Walivuka Bahari ya Arabu, wakaingia Afrika kupitia Somalia, wakashuka kusini.

Sidhani bibi alikosea. Alijua kwamba idadi humfungulia mtu njia ya kufika kwenye kinachohesabiwa, na dola 5 za Pennsylvania zilithibitisha hilo. Ila yeye alihofia hesabu inayomwita mwenye makucha. Broun alipata hesabu inayomzuia mwenye bunduki, na mimi nimechagua kusimama upande wa Broun.

Kozi hao hupita Tsavo kwetu Novemba na Desemba, pamoja na mvua za vuli. Mvua ikikatika na kumbikumbi wakaruka, tazama juu. Ukiwaona, andika tarehe, mahali na idadi, uipeleke Makumbusho ya Taifa, Nairobi.