Ardhi ya Serikali, Kodi ya Mwenye Nyumba

Watu wakiniuliza nimepigania nini miaka yote hii, husubiri nitaje katiba au chama cha siasa. Navyo nimevishangilia, sikatai. Lakini kilichonifanya niache sufuria mekoni na watoto kwa jirani, jioni baada ya jioni, ni kodi ya nyumba. Na kodi ya Kibera, mtaa wetu wa mabanda hapa Nairobi, ukiifuata mpaka chimbuko lake, utawakuta wanajeshi.

Wanubi walikuwa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza. Walipostaafu kutoka King's African Rifles waliruhusiwa kulima na kujenga msituni, kusini magharibi mwa Nairobi, ndiko Kibera. Mwaka 1918 zaidi ya ekari 4,000 zilitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Mstaafu alipewa kibali cha shamba. Hati hakupewa. Serikali ya mkoloni ilijua fika tofauti ya karatasi hizo mbili, na serikali ya uhuru ikairithi tofauti hiyo bila kubadili hata nukta: ardhi ya serikali, nyumba ya aliyeijenga. Ekari zikaendelea kumegwa, mitaa kama Fort Jesus, Ayany na Olympic ikainuka. Sisi wa kutoka magharibi na Ukambani tulipomiminika kutafuta kazi, Mnubi alikata chumba akapangisha. Baadaye wakaja wengine, wengi wao si Wanubi kabisa, wenye ruhusa ya chifu mfukoni. Wakajenga safu za vyumba vya udongo na mabati, wao wenyewe wakalala mbali.

Mimi nilianzia Kawangware, Gatina, ndani ya Dagoretti. Kule habari ni nyingine. Dagoretti ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu upande wa Kiambu kabla ya kutiwa ndani ya mipaka ya Nairobi, kwa hiyo ploti ina mwenyewe na mwenyewe ana hati. Ukigombana naye kuhusu choo, unajua mlango wa kugonga. Ndiyo maana Kawangware ninayoikumbuka haikuwa na vikao vya ardhi. Ilikuwa na vikao vya maji, vya mishahara ya vibarua, vya kijana aliyekamatwa. Julai 1990, baada ya wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia kutiwa ndani siku tatu kabla ya mkutano wa kudai vyama vingi wa Kamukunji, fujo za Saba Saba, tarehe saba mwezi wa saba, zilitufikia hadi Dagoretti. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mkebe wa mafuta ya taa mkononi, na moshi wa mabomu ya kutoa machozi ukanifundisha siasa kabla sijasoma kijikaratasi hata kimoja. Hati hazikuizuia damu, lakini. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, Kawangware hiyo hiyo nyumba zilichomwa, majirani wakatafutana kwa makabila.

Kibera nilihamia kwa sababu chumba kilikuwa nafuu. Nikakuta watu wanagombana na mtu asiye na hati, juu ya ardhi isiyo yake wala yao. Jambo hilo lililipuka mwaka 2001. Tarehe 31 Oktoba Rais Moi alifika Kibera, Raila Odinga akiwa mbunge wetu na waziri wake, na ikasemwa hadharani kwamba kodi ni kubwa mno, ishushwe. Tulipiga vigelegele. Mimi pia. Hakuna aliyeinua mkono kumuuliza: mheshimiwa, serikali yenye ardhi hii yote si ndiyo yako? Na machifu wanaogawa viwanja si wako? Wapangaji wakagoma kulipa, wenye nyumba wakaleta watu wa kuwatoa, na kufikia Desemba watu walikuwa wamekufa na nyumba zimeteketea. Mama wa Kinubi aliyekuwa akinipangisha kule Makina alifunga vitu vyake kwenye shuka mbili. Mumewe alirithi nyumba ile kwa baba yake, askari wa zamani. Nilimsaidia kubeba. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili.

Tangu hapo sijaamini tena kauli ya kwenye jukwaa. Nimeamini kuhesabu. Mwaka 2004 serikali ilitoa ilani kwamba walio kando ya reli, chini ya nyaya za umeme na kwenye njia za barabara wahame, na vikundi vya akiba vya Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda ulioanza mwaka 1996, vikajibu kwa daftari: tuhesabiwe kwanza. Kazi yangu ilikuwa kushika kopo la rangi nyekundu. Mmoja anahoji, mmoja anapima, mimi naandika namba mlangoni. Chumba ni futi kumi kwa kumi, na mara nyingi utakuta pazia katikati, familia huku, familia kule. Mama mmoja alinishika kiganja nisiandike kabla sijamwahidi namba mbili. Tukaandika A na B. Asubuhi yake tukakuta zote zimefutwa kwa tambara na mafuta ya taa. Mwenye nyumba alishaelewa kuwa namba ile inamtambua anayelala ndani.

Alikuwa na haki ya kuogopa. Mwaka 2009 wakazi wa Soweto Mashariki, hapa hapa Kibera, walipohamishiwa Lang'ata ili kwao kujengwe magorofa, wapangaji ndio walioorodheshwa, na baadhi ya wenye nyumba wakakimbilia mahakamani. Nyumba 822 zilikuja kukamilika. Juni 2017 Wanubi nao wakapata hati yao, ya jamii nzima, ekari 288. Linganisha na zile za 1918. Mwaka uliofuata, Julai 23 alfajiri, tingatinga zikapita Kibera kupisha barabara ya kuunganisha barabara za Ngong na Lang'ata, zikabomoa nyumba na shule, siku chache tu baada ya watu kuhesabiwa. Basi hata kuhesabiwa si kinga. Ni ushahidi, na ushahidi unahitaji mtu wa kuubeba.

Vijana wa Juni 2024 walioandamana dhidi ya Mswada wa Fedha hunicheka kwa daftari zangu. Wao wanaitana kwa simu na hawataki kiongozi. Nawapenda kwa kutotaka kiongozi. Nimewaomba tu waje Jumapili wanakili orodha zetu za zamani kwenye simu hizo hizo, maana panya wameanza na kurasa za kijiji cha Laini Saba.

Daftari jipya lina safu mbili: anayelala chumbani na anayepokea kodi. Mwaka huu wazee wawili wenye nyumba wamejiunga na kikundi chetu kwa hiari yao, wanalipa akiba kama sisi. Kikao kilichopita kilivunjika kwa sababu mmoja wao anataka safu yake iandikwe kwanza.