Picha za karakana za Italia: Mikono mingi, jina la mmoja

MPITA njia katika Barabara ya Naivasha, Kawangware, au katika vichochoro vya Kibera, hukutana na kazi za wachoraji wa mabango karibu kila hatua: kichwa kilichonyolewa vyema kwenye ukuta wa kinyozi, kuku na sahani ya chapati kwenye mlango wa mkahawa. Si ajabu fundi akachora umbo na kumalizia uso, huku mwanagenzi akiachiwa kujaza rangi. Mteja hulipa bango, wala haulizi ni mkono wa nani uliopaka wapi. Kundi la Maasai Mbili, lililoasisiwa Kibera mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, lilichipuka kutokana na kazi hiyo hiyo ya mabango.

Utaratibu usio mbali na huo ndio ulioendesha karakana za uchoraji nchini Italia katika karne za 15 na 16, zilizotoa picha za visasili vya Wagiriki na Warumi ambazo leo hugombaniwa minadani. Mvulana alikabidhiwa kwa fundi mkuu, akaanza kwa kusaga rangi na kuandaa mbao. Leonardo da Vinci mwenyewe alipitia njia hiyo kwa Verrocchio, mjini Florence. Mchoro wa fundi ulitobolewa matundu madogo kufuata mistari, kisha vumbi la makaa likapigwapigwa juu yake ili umbo lihamie kwenye ubao au ukuta. Karatasi moja iliweza kutumika zaidi ya mara moja. Katika jumba la Farnesina, Roma, kisa cha Cupid na Psyche kilibuniwa na Raphael, lakini waliokipaka darini mwaka 1517 na 1518 ni hasa wasaidizi wake, akiwemo Giulio Romano.

Ndiyo maana lugha ya mnada yapaswa kusomwa kwa makini, kama mkataba wa shamba. Jina la mchoraji likiandikwa peke yake, muuzaji anadai kwamba mkono ni wake. "Inahusishwa na" ni kukiri kwamba pana shaka. "Ya karakana ya" humaanisha kwamba ilichorwa chini ya paa la fundi, pengine chini ya jicho lake. "Ya mfuasi wa" huenda ikawa kazi ya mtu ambaye hakuwahi kumwona fundi huyo, na "kwa kuiga" yaweza kuwa nakala ya karne nyingine kabisa. Tofauti ya maneno hayo ni tofauti ya mali. Picha ya Kristo iitwayo Salvator Mundi iliuzwa kwa pauni 45 mjini London mwaka 1958 ikidhaniwa kuwa nakala. Mwaka 2017, ikiwa na jina la Leonardo, ilinunuliwa New York kwa dola milioni 450. Wataalamu wangali wanabishana.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kisasili chenye uzito zaidi ni cha Andromeda, bintimfalme wa Ethiopia. Mamaye alijigamba kwa uzuri, miungu ikakasirika, na binti akafungwa minyororo mwambani aliwe na dubwana la baharini, hadi Perseus alipomwokoa. Titian wa Venice alimchorea Mfalme Philip II wa Uhispania kisa hicho katika miaka ya 1550. Baadaye picha hiyo ilififia heshima kiasi cha kuning'inizwa juu ya bafu katika makazi ya Sir Richard Wallace, London, hadi Claude Phillips alipoitambua tena kuwa ya Titian, na kuandika juu yake mwaka 1900.

Andromeda wa Titian ni mweupe pe. Ethiopia ya Wagiriki wa kale haikuwa na mipaka ya nchi ya leo, lakini watu wake walijulikana kuwa weusi, na mshairi Ovid, ambaye wachoraji hao walimtegemea, alimtaja binti huyo kuwa na rangi ya kwao. Mwaka 1992 mtafiti Elizabeth McGrath alichapisha makala ndefu kuhusu Andromeda mweusi, akieleza jinsi wachoraji wachache tu, kama Abraham van Diepenbeeck katika mchoro uliochapwa mwaka 1655, walivyothubutu kumwonyesha hivyo. Katika karakana, mwanagenzi alijifunza kwa kunakili alichochora bwana wake. Bwana akimfanya bintimfalme mweupe, wanafunzi wakampokezana vivyo hivyo.

Picha ya Titian sasa imo katika Wallace Collection, Hertford House, London, ambako mkusanyo wa kudumu hutazamwa bila kiingilio. Miale ya eksirei imefichua kwamba Titian alibadili mkao wa Andromeda akiwa kazini. Rangi yake hakuigusa.