Kiinimacho si Uchawi: Vitabu vya Karata kutoka Kent hadi Kizuka

Kitabu chenyewe kilikuwa fungu la karatasi nilizozichapisha katika duka la kompyuta mjini Bujumbura, kurasa mbili kwenye kila upande wa karatasi ili kupunguza gharama. Kiliandikwa kwa Kifaransa na Jean-Eugène Robert-Houdin na kutolewa Ufaransa mwaka 1868. Nilikwenda nacho nyumbani Kizuka wakati wa likizo, nikakiweka chini ya godoro, kwa kuwa wadogo zangu huwashia moto kila karatasi wanayoiona. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maneno ya Kifaransa yanayomaanisha: namna mtu anavyokuwa mchawi. Mimi niliyaona kuwa utani wa mwandishi.

Jioni moja nilimwonyesha mtoto wa jirani, wa miaka kama tisa, mchezo mmoja. Alichagua karata, akairudisha kwenye fungu, nikaitaja. Alicheka, akaomba tena. Siku nne baadaye akashikwa na homa. Kituo cha afya kilisema ni malaria, jambo la kawaida kabisa kwenye mwambao wetu wa Tanganyika. Lakini kabla dawa hazijamaliza kazi yake, maneno yalikuwa yamekwisha kupita kwenye mashamba ya michikichi: mjukuu wa yule bibi anajua yaliyomo vichwani mwa watu, tena ana kitabu. Binamu yangu alikuwa ameliona jina la kitabu na kulitafsiri kwa sauti mbele ya watu. Neno la Kifaransa “sorcier” alilipeleka kwenye Kirundi, likawa “umurozi”. Kwa msomaji asiyejua Kirundi niseme kwamba umurozi si mtu wa kuchekesha watoto. Ni yule anayeua kwa sumu au kwa ulozi.

Na swali lao halikuwa juu yangu. Lilikuwa hili: kijana huyu amejifunza kwa nani? Bibi yangu ni mjane, anakaa peke yake, anauza mawese. Wanunuzi wake wawili wakaacha kuja.

Katika insha hii nataka kueleza historia ya vitabu vinavyofundisha kiinimacho cha karata, yaani ile michezo ya mikono inayofanywa karibu na mtazamaji, mezani au mkekani. Nilianza kuisoma kwa kupenda mchezo tu. Baada ya likizo ile niliisoma kwa sababu nyingine, na nikagundua kwamba kitabu cha kwanza cha Kiingereza kueleza michezo hii kwa kina kiliandikwa kwa ajili ya wanawake wazee kama bibi yangu.

Kwanza, karata zenyewe. Babu yangu upande wa mama alikimbilia Kigoma mwaka 1972, akaishi huko miaka mingi kabla ya kurudi Rumonge. Ndiye aliyenifundisha majina ya Kiswahili ya aina nne za karata: shupaza, kopa, uru na pau. Yote ni ya Kireno: espadas, copas, ouros, paus, yaani panga, vikombe, dhahabu na marungu. Hata neno karata ni carta yao. Lakini Wareno nao waliazima. Katika jumba la makumbusho la Topkapı, Istanbul, zimehifadhiwa karata za Misri ya Wamamluki, nazo zina vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Kutoka nchi za Kiislamu karata ziliingia Ulaya katika karne ya 14. Mwaka 1377 mji wa Florence ulikuwa tayari umetunga sheria ya kuzizuia. Kwa hiyo vikombe vilitoka Afrika, vikazunguka Ulaya, vikarudi Afrika Mashariki kwa jahazi vikiitwa kopa. (Karata na karatasi pia ni ndugu walioachana: neno moja lilipitia kwa Wareno, jingine kwa Waarabu, na asili yao ni neno moja la Kigiriki.)

Jambo jingine lilinishangaza zaidi. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaonyesha kwamba karata zenye picha za watu ziliitwa mzungu: mzungu wa pili, mzungu wa tatu, mzungu wa nne. Na mzungu, kwa wingi mizungu, ni pia jambo la ajabu, hila, ufundi uliofichika. Mafunzo ya siri ya unyago nayo huitwa mizungu. Lugha yetu basi ina maneno ya kutosha ya kutenganisha mambo haya. Tuna mchawi, tuna mganga, tuna mfanya mazingaombwe, tuna kiinimacho. Kifaransa kilinipa neno moja tu, “sorcier”, na neno hilo lilitosha kumharibia bibi biashara.

Kujifunza kwa kitabu si kazi nyepesi. Kitabu hakikushiki mkono. Kinakuambia kidole kidogo cha mkono wa kushoto kiingie katikati ya fungu, na wewe unaangalia vidole vyako kana kwamba ni vya mtu mwingine. Robert-Houdin anatilia mkazo ufundi ambao Wafaransa huuita “saut de coupe”: fungu limekatwa sehemu mbili, na sehemu ya chini inarudi juu kwa siri, kwa nguvu ya kidole kile kimoja, mtazamaji asione kitu. Nilifanya zoezi hilo miezi mitatu mbele ya kioo cha kunyolea, na mpaka leo nikilifanya linatoa sauti. Kwetu kuna shida ambazo mwandishi wa Ufaransa hakuzifikiria. Karata za bei rahisi za sokoni Rumonge hujikunja kwa unyevu wa ziwa, na mtu aliyeshinda kwenye mashine ya kukamua mawese hana vidole vya kushikia karata hata akinawa mara tatu.

Mchezo niliomwonyesha mtoto ulikuwa rahisi kuliko huo. Unatazama kwa siri karata ya chini kabisa, tuseme saba ya kopa. Mtazamaji anachagua karata yake, anaiweka juu ya fungu. Unakata: nusu ya chini inapanda juu, na saba ya kopa inakuwa jirani wa karata yake. Ukizigeuza moja moja, ile inayofuata saba ya kopa ndiyo yenyewe. Hakuna zaidi ya hapo. Hata hivyo, kwa asiyejua, umemsoma moyo.

Sasa turudi mwaka 1584. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1563 iliyompeleka kwenye kitanzi mtu aliyepatikana na hatia ya kuua kwa uchawi. Mwaka 1582, katika kesi za kijiji cha St Osyth, mkoa wa Essex, majirani walisimama kushuhudia kuhusu watoto waliougua na mifugo iliyokufa, na wanawake wawili wakanyongwa. Reginald Scot, mtu wa Kent ambaye kabla ya hapo alikuwa ameandika kitabu cha kilimo cha hops, mmea unaoipa bia uchungu wake, alikasirika. Alitoa kitabu kikubwa cha kupinga imani hiyo, The Discoverie of Witchcraft. Alieleza kwamba wanaoshtakiwa kwa kawaida ni wanawake wazee na maskini, na kwamba ugomvi mdogo wa majirani ndio huzaa mashtaka.

Lakini Scot hakuishia kwenye hoja. Ili kuonyesha jinsi macho yanavyodanganywa, alijifunza kwa wenye ujuzi, miongoni mwao Mfaransa mmoja aliyeishi London, kisha akaandika wazi namna michezo inavyofanywa: sarafu zinazopotea, visu vya uongo vinavyoonekana kupenya mwilini, na karata. Anaeleza namna ya kuhifadhi karata moja mahali pake wakati unachanga fungu zima. Visu akavichora pamoja na ufunguo wa siri zao. Mwaka huohuo wa 1584, mjini Lyon, kilitoka kitabu cha Kifaransa cha J. Prévost kinachofundisha michezo ya namna hiyo, ila chenyewe kilikuwa cha kuburudisha. Cha Scot kilikuwa cha kutetea watu. Mwaka 1597 Mfalme James wa Scotland alitoa kitabu chake mwenyewe kuhusu mashetani, akamtaja Scot kwa jina kuwa mmoja wa watu anaowapinga.

Kwa muda mrefu baada ya hapo waandishi walinakili kutoka kwa Scot, na kusudi lake likasahaulika, ikabaki michezo. Sitakaa hapo.

Robert-Houdin, mwandishi wa kitabu changu, alizaliwa Blois mwaka 1805 na alisomea ufundi wa saa. Mwenyewe anasimulia kwamba alikwenda kununua kitabu cha ufundi huo, muuza vitabu akampa kwa makosa kingine kilichohusu michezo ya sayansi, naye hakukirudisha. Kila aliyejifunza kiinimacho kwa kitabu hupenda hadithi hiyo, nami pia. Ninachokipenda kidogo ni safari yake ya Algeria mwaka 1856. Serikali ya Ufaransa ilimwita, akiwa amekwisha kustaafu, akafanye maonyesho Algiers mbele ya viongozi wa makabila, ili kuwaonyesha kwamba Wafaransa wana nguvu kuliko masharifu wao waliotenda miujiza na kuchochea upinzani. Alikuwa na kasha dogo ambalo mtoto angeliinua. Akamwita mtu mwenye nguvu, akatangaza kwamba amemwondolea nguvu zake, na mtu yule hakuweza kulisogeza. Chini ya jukwaa palikuwa na sumaku ya umeme. Kisha umeme ukapelekwa kwenye mpini, na mtu akaanguka akipiga kelele.

Robert-Houdin anaandika kwamba baadaye wakalimani waliagizwa kuwaeleza watu kwamba yale yalikuwa ufundi, si uchawi. Habari hizi tunazipata zaidi kwa kalamu yake, na hakuwa mtu wa kujipunguzia sifa. Lakini hata tukimwamini, angalieni tofauti. Scot alifungua kisu na kuonyesha sehemu iliyokatwa. Robert-Houdin alisema tu kwamba ipo siri, na siri yenyewe akabaki nayo. Mtu aliyepigwa umeme aliambiwa asiogope, hakuonyeshwa sumaku.

Afrika Mashariki nayo ina kisa chake. Joseph Thomson, Mskoti aliyefika Ziwa Tanganyika mwaka 1879, alipita nchi ya Wamasai mwaka 1883 na 1884. Alikuwa na meno mawili ya bandia. Aliyatoa na kuyarudisha mbele ya watu, akachanganya dawa ya unga inayotoa povu kwenye maji, wakamwona kuwa mganga mkubwa. Aliyaandika hayo kwa furaha. Sidhani kama alifikiria ni nani angeulizwa maswali baada ya yeye kuondoka.

Mimi pia nilifanya kama wao. Mama wa mtoto alipokuja uani kwa bibi, nilimwambia, “Mama, ni mchezo tu.” Hakunijibu. Kusema “ni mchezo tu” hakumsaidii aliyeona karata yake ikitajwa, kwa kuwa hata mrozi angesema hivyo.

Vitabu vyote vya siku hizi vinaonya: usitoe siri. Nilikuwa nimeikubali kanuni hiyo, na kusema kweli nilijivunia kuwa nayo. Jumapili moja baada ya misa, mzee mmoja mushingantahe aliniita chini ya mwembe, watu wapatao kumi na watano wakiwapo, bibi akiwa amekaa kwenye mkeka wake. “Mwanangu,” alisema, “fanya tena. Polepole.” Nilifanya karata zikiwa zimegeuzwa uso juu, ili kila mtu aone saba ya kopa inavyosafiri. Mzee aliniomba nirudie mara nne. Mara ya tano alizichukua karata mwenyewe, akamwita mama wa mtoto achague. Akasahau kutazama karata ya chini, akakosea, watu wakacheka. Yule mtoto, aliyekuwa amepona, akamwonyesha pale alipokosea.

Si wote walioridhika. Kijana mmoja alisema nimeonyesha mchezo mdogo ili kuficha mkubwa, na sikuwa na jibu, maana hoja ya namna hiyo haina mwisho. Bibi hakusema neno siku ile. Nilipofungasha vitu vyangu kurudi chuoni nilikuta kitabu kiko palepale chini ya godoro, ukurasa wa kwanza tu umechanwa, na bibi aliniambia bila kuinua macho kwamba kuni zilikuwa mbichi.

Mama wa mtoto alirudi kununua mawese wiki ileile. Mnunuzi wa pili hajarudi mpaka leo.