Kutoka Mdomo wa Ruvuma hadi Bagamoyo

Vamizi ni kisiwa chembamba chenye urefu wa kilomita 12 hivi, kusini ya rasi ya Cabo Delgado, kaskazini kabisa mwa Msumbiji. Wenyeji wake ni Wamwani, na kwa vizazi vingi wavuvi kutoka pwani ya Tanzania wamekuwa wakivuka kwa mashua na ngalawa kuja kupiga dago, yaani kuweka kambi za uvuvi za muda, katika visiwa hivi. Anayeishi hapa huitazama bahari kama barabara. Lakini karne ya 19 walikuwako watu ambao kwao ufuo huu ulikuwa mwisho wa njia: waliotembea miezi kutoka Ziwa Nyasa, wengi wao wakiwa wamefungwa shingoni.

Njia kuu ya misafara ya Wayao ilikwenda Kilwa. Vijia vingine vilishuka Mikindani, vingine ghuba ya Tungi ilipo Palma ya leo, vingine hadi Ibo. Wafanyabiashara walileta pembe za ndovu, na kadiri miaka ilivyokwenda wakaleta watu zaidi. Majahazi yalijificha nyuma ya visiwa na mikoko, yakisubiri upepo na kukwepa manowari za Waingereza. Biashara hiyo ya watu ndiyo iliyomnasa Chuma, mtoto wa Kiyao. Mwaka 1861 yeye na wenzake waliokolewa mikononi mwa wachuuzi wa watumwa na mpelelezi David Livingstone na wamisionari waliokuwa naye, kusini mwa Nyasa. Miaka mitano baadaye Chuma alifika pwani ya Ruvuma, safari hii kwa hiari yake, na hapo ndipo ilipoanza safari ninayoiona kuwa ndiyo hija kubwa ya miguu katika historia ya pwani yetu.

Machi 1866 meli ya Penguin ilifika mdomo wa Ruvuma ikitoka Unguja. Kulikuwa na ngamia, nyati, nyumbu na punda wa kushusha, na matope ya mikoko hayakuwaruhusu. Meli ikapanda kidogo kaskazini hadi Mikindani. Msafara ulikuwa mchanganyiko wa ajabu: askari wa Kihindi 13, watu wa Nzuwani 10, vijana 9 waliosoma Nasik huko India, Susi na Amoda kutoka Shupanga kando ya Zambezi, na Wayao wawili, Wikatani na Chuma. Aprili walianza kukata vichaka vya Wamakonde kwa mashoka, kwa kuwa njia za kule zilikuwa nyembamba kupita mzigo wa ngamia. Bondeni mwa Ruvuma walikuta maiti za mateka walioshindwa kutembea, wameachwa njiani, mwingine amefungwa mtini.

Msafara ulivunjika mapema. Askari wa Kihindi walirudishwa pwani. Wikatani alikutana na jamaa zake karibu na Nyasa akabaki huko. Watu wa Nzuwani walitoroka, wakafika Unguja na habari ya uongo kwamba Livingstone ameuawa. Miaka saba baadaye, alipofariki kweli katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873, waliosalia kati ya wale walioshuka Mikindani walikuwa watano tu: Susi, Chuma, Amoda, na vijana wawili wa Nasik, Mabruki na Gardner. Wengine waliokuwapo walijiunga baadaye, wengi wao wametumwa na mwandishi wa habari Stanley mwaka 1872.

Hapa hadithi inaacha kuwa ya Livingstone. Hakuna aliyewaamuru kuibeba maiti. Wangeweza kuzika, kugawana mali na kutawanyika, na nani angewalaumu? Badala yake walikata shauri kuifikisha pwani. Moyo na matumbo wakavizika chini ya mti wa mpundu, na Jacob Wainwright, kijana wa Nasik aliyekuwa miongoni mwa waliojiunga baadaye, akasoma sala ya maziko kisha akachonga maandishi kwenye shina. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kwa wiki mbili, wakauviringisha kwa kitambaa, wakauingiza katika gamba la mti lililovuliwa zima, wakalishonea turubai na kulipaka lami. Kisha wakaufunga kwenye mti, wawili wakaubeba.

Mwezi wa kwanza ulikaribia kuwamaliza. Maradhi yaliwaangusha karibu wote, wanawake wawili wakafa, na Susi akawa hawezi hata kusimama. Walipopona walikutana na uhasama, nao hawakuwa malaika: katika kijiji cha Chawende ugomvi uligeuka vita, wakapiga risasi, watu wakafa, nyumba zikateketea. Watu waliokufa pale nao wana haki ya kutajwa kila safari hii inaposimuliwa, na mara nyingi wanasahauliwa.

Oktoba walifika Unyanyembe, karibu na Tabora, wakamkuta Luteni Cameron aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike palepale, kwa kuwa mbele kuna Wagogo na hatari. Wakakataa. Alikuwa afisa, alikuwa Mzungu, nao walikuwa wapagazi, wakakataa, wakaondoka.

Kasekera ndipo walipoonyesha akili kuliko popote. Watu wa huko hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Basi wakatangaza kwamba wameshindwa, wanairudisha Unyanyembe ikazikwe. Wakakata mabua ya mtama urefu wa mtu, wakayafunga kwa nguo mfano wa maiti, wakapachika karatasi iliyokunjwa kama barua kwenye kijiti kilichopasuliwa. Jua lilipotua, watu sita wakaondoka na mzigo huo mbele ya macho ya kijiji. Walipofika porini wakatupa mabua moja moja, huku na kule, kisha wakarudi mmoja mmoja kwa njia tofauti. Mwili wenyewe ulikuwa umeshafungwa upya kama mtumba wa nguo, ukapita katikati ya watu bila mtu kuuliza.

Baada ya hapo, njiani, nyoka mkubwa alimuuma paja msichana mdogo wa msafara aliyeitwa Losi, mtungi wa maji ukiwa kichwani. Hazikutimia dakika kumi akafa. Wakamzika wakaendelea.

Februari 1874 waliiona bahari Bagamoyo, baada ya miezi tisa na zaidi ya kilomita 1,600. Walipokuwa njiani, Juni 1873, Sultani Barghash alikuwa ametia saini mkataba uliofunga soko la watumwa Unguja. Biashara ambayo Chuma aliponea chupuchupu utotoni ilikuwa imepigwa marufuku baharini, ingawa upande wa Msumbiji majahazi yaliendelea kupakia kwa siri. Bagamoyo mwili ulipokelewa, ukapandishwa meli ya Vulture kwenda Unguja. Wapagazi wakalipwa ujira wao na kuachwa wende zao. Kwenda Uingereza na jeneza alipata Wainwright peke yake, aliyekuwa miongoni mwa wabebaji katika mazishi ya Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma, waliouhifadhi mwili ule tangu siku ya kwanza, walifika baadaye, kwa gharama ya rafiki wa marehemu, wakamsaidia mhariri Horace Waller kuandaa shajara za mwisho kwa uchapaji. Naona uchungu kila nikifika hapa. Ufuoni ndipo watu hawa walipotenganishwa na kazi yao wenyewe.

Lakini Chuma hakuishia Bagamoyo. Mwaka 1875 alimwongoza Askofu Steere kutoka Lindi hadi mji wa chifu Mataka huko Mwembe, katika nchi ya Wayao ambayo leo ni mkoa wa Niassa. Mwaka 1876 alifuatana na watumwa walioachwa huru waliokwenda kuanzisha makazi ya Masasi. Na mwaka 1881 alirudi Ruvuma kwa mara nyingine, akiwa kiongozi wa msafara wa Joseph Thomson, uliotumwa na Barghash kutafuta makaa ya mawe. Makaa hayakupatikana. Mwaka uliofuata Chuma alifariki Unguja.